Nyota ya Tatu ya Deshun

Alhamisi moja ya Julai, Verlene Mims alikuwa barazani akichambua maharage mabichi wakati nyota za mwanawe zilipofika. Zilikuwa mbili. Zilishuka polepole juu ya paa, upande wa jikoni, zikatulia hapo kama njiwa.

"Mbili tu, mwenzangu?" jirani yake, Ouida Braddock, aliuliza kutoka ng'ambo ya barabara.

"Mbili. Mungu ashukuriwe kwa yote."

Juu ya paa la Ouida zilikuwa tano, za mwanawe Rhett, na mwanga wake ulitosha kusomea Biblia uani. Katika mji ule wa kusini mwa Georgia, nyota zilitolewa na wapimaji waliozunguka kwenye kambi za kiangazi, wakiwapima vijana wa kandanda ya Kimarekani kimo, mbio na upana wa viganja. Deshun Mims hakwenda kambini. Wiki ile alikuwa shambani akipakia matikiti. Mpimaji akamkisia tu, bila kumwona.

Hazikuwa nyota za uongo. Mara nyingi aliyeng'ara shuleni aling'ara na chuoni. Lakini makocha wa vyuo waliona kwa mwanga wa nyota tu, na mwanga wa mbili haukutosha. Mazoezini Deshun alimwangusha Rhett tena na tena, hadi kocha mgeni akauliza, "Mbona kijana anateleza? Nyasi zimelowa?"

"Ameangushwa, bwana," akajibu kocha wa shule.

"Na nani?"

Kijana asiyeonekana hapati chuo, na asiyepata chuo hurudi kwenye matikiti. Verlene alilijua hilo. Jumatano, kwenye ibada ya maombi, aliwasihi waumini wamwombee Deshun nyota ya tatu. Mchungaji alifikiri kidogo.

"Tusiombe nyota, dada. Tuombe macho."

Waliomba macho. Verlene, kimoyomoyo, aliomba nyota.

Jumamosi Rhett alivuka barabara akiwa na ngazi begani.

"Bi Verlene, chukueni moja. Silali mimi. Hata kuku wa mama hawalali."

"Hizo umepewa wewe, mwanangu."

"Nimepewa kwa sababu ya viganja. Huyu hapa ananibwaga kila siku."

"Rudia kwa sauti," Deshun alisema. "Mtaa wa pili hawajasikia."

"Shika ngazi, mpuuzi wewe."

Waliishusha ndani ya kapu la nguo, wameifunika blanketi. Ilikuwa ya vuguvugu na nyepesi, kama mkate uliotoka tanurini. Deshun aliiweka juu ya paa lao, karibu na dohani. Verlene alimshukuru Mungu akiwa amepiga magoti, lakini usingizi haukuja.

Habari haikukaa. Akina mama wa mitaa mingine walikuja na makapu yao, na Rhett hakuwa na moyo wa kumnyima mtu. Majani ya miti yalipomaliza kuanguka, paa la Ouida lilikuwa giza. Ouida alilia siku nzima, kisha akafua mapazia. Rhett alilala hadi adhuhuri. Ijumaa iliyofuata alicheza vizuri kuliko siku zote za maisha yake, na wageni wa vyuo wakaondoka mapema.

Desemba kocha wa chuo alikuja kwa Verlene. Kocha akija nyumbani hula alichopika mama, na mama hupika alichonacho. Verlene alipika paja la nguruwe, mboga za majani, na pai ya pichi. Rhett naye alikuwepo mezani, kwa kuwa Deshun alimwalika.

"Umebadilika sana tangu Septemba," kocha alimwambia Deshun. "Umeongeza kasi."

"Mimi ni yule yule, bwana."

"Mnyenyekevu pia! Safi sana."

Verlene aliweka kijiko chini. "Bwana kocha, huyu ni Rhett. Ulikuwa ukija kwao."

Kocha alikitazama kiti, akatabasamu kwa heshima. "Mna mgeni ambaye bado hajafika?"

"Mwache ale, Bi Verlene," Rhett alisema taratibu.

Kocha alinyoosha sahani yake aongezewe pai. Verlene alimtazama Rhett. Kisha akachukua kisu akakata kipande kikubwa, maana neno la kumchukua Deshun chuoni lilikuwa bado halijatoka mdomoni mwa kocha.