Saa Isiyoingia Maji

Chubwi. Kimya kidogo, kisha chubwi tena, kama mtu anayetupa kokoto kisimani na kusubiri ajibiwe. Aliko aliisikia sauti hiyo kabla hajaona chochote zaidi ya migongo ya watu, maana njia ya kwenda mpakani jioni ile ilijaa mikokoteni, magunia na akina mama waliobeba ndoo. Akaifuata kwa masikio. Mkono wa kushoto alimshika bintiye Dina, na nyuma ya Dina walikuja watu wawili ambao, kama ingekuwa hiari yake, wangebaki hukohuko walikotoka: shemeji yake Enoka, na mama mkwe wake, Bibi Gwantwa.

Umati ulipoachana akaiona meza. Manase, muuza saa, alikuwa akitumbukiza saa za mkononi kwenye beseni la maji, moja baada ya nyingine. Alizitoa, akazikung'uta, akazigonga kwenye ukingo wa meza, kisha akaziweka sikioni mwa mteja. Ndivyo alivyouza. Saa iliyokufa aliitupa kwenye kopo mbele ya macho ya wote, hakuificha, na kwa tabia hiyo watu wa Tunduma na wa ng'ambo ya mpaka walimwamini.

Aliko hakuja pale kwa starehe. Mkewe, Nesta, alifariki miaka miwili iliyopita, akamwachia Dina. Yeye kazi yake ilikuwa kupakia mahindi kwenye malori, na malori hayamsubiri mtu: kabla hakujapambazuka alikuwa ameshatoka. Dina aliachiwa uji kwenye chupa ya chai na sare juu ya kiti, akajiandaa mwenyewe, akaenda shule kwa kukisia mwanga wa dirishani. Lakini Tunduma msimu wa baridi haina mwanga wa kukisia. Ukungu unashuka, alfajiri na asubuhi zinafanana kama mapacha. Mtoto alichelewa mara ya kwanza, akachelewa mara ya pili, akakuta geti limefungwa. Mwalimu akamwita baba. Habari ikapanda milima mpaka Ileje, na Bibi Gwantwa akashuka na kikapu chake, akafikia kwa mwanawe Enoka, kwa sababu nyumbani kwa mkwe hakulaliwi.

Neno lake lilikuwa moja. Dina akifungiwa geti tena, anaondoka naye kwenda Ileje, akalelewe huko mpaka aote matiti.

Aliko alikuwa amezika mke. Hakuwa tayari kuzika sauti ya mtoto ndani ya nyumba.

"Mwambie mkwe wangu achague kitu cha kudumu," Bibi Gwantwa alimwambia Enoka, akitazama upande wa pili.

Alisimama hatua mbili kutoka kwa Aliko, na Aliko alisikia kila silabi. Lakini katika ukoo wao, mama mkwe hamrushii mkwe maneno ya ugomvi usoni. Humtuma mtu, na mtu huyo huyafikisha. Tatizo ni kwamba aliyetumwa alikuwa Enoka, na Enoka hakuwahi kufikisha neno bila kulinoa kwanza.

"Mama anasema usinunue takataka kama kawaida yako," alisema.

"Nimemsikia mama. Na wewe nimekusikia."

Wakaanza kuchagua, kama hiyo inaweza kuitwa kuchagua, maana kila saa aliyoishika Aliko ilipata msiba. Ya mkanda wa ngozi aliikataa mwenyewe: jasho na mvua vingeuozesha kabla ya Krismasi. Ya mkanda wa chuma ingembana Dina ngozi. Akashika moja ya mpira mweusi, mkanda mnene, uso wa plastiki ngumu badala ya kioo, mishale mipana, na namba zote kumi na mbili zimeandikwa, si vistari vya kubahatisha. Mgongoni ilikuwa na skrubu ndogo za kubadilishia betri. Manase aliitumbukiza, akaitoa, akaitupa chini kwenye changarawe, akaikanyaga kwa kisigino. Mshale uliendelea kutembea kama mtu asiyejua kama ametukanwa. Bei yake ilikuwa ya kuku mmoja wa kienyeji.

Enoka akacheka puani. Yeye alikuwa karani kwenye ofisi ya kutoa mizigo mpakani, shati limenyooshwa, saa inayong'aa mkononi. Akanyoosha kidole kwenye saa nyingine, ya kioo cheusi, inayowaka ukiigusa, inayounganishwa na simu. Akamwambia Manase aifunge ile, atalipa yeye, mpwa wake hawezi kuvaa kitu cha bei ya kuku.

Aliko akamuuliza kama mpwa wake atakuwa anaichaji kwa mate, kwa sababu umeme unakatika. Akamuuliza pia kama yuko tayari kumsindikiza mtoto barabarani ili vibaka wasimkate mkono pamoja na saa yenyewe. Akasema hizo hela akamnunulie mkewe kitenge. Watu waliokuwa pale mezani wakaacha kutazama saa, wakaanza kuwatazama wao.

"Shemeji," Enoka alisema, na sasa hakucheka. "Dada yangu ulimchelewesha hospitali. Mtoto wake unamchelewesha shule. Wewe saa ya nini? Hata ukivishwa kumi, utachelewa tu. Kwanza hujui hata kuisoma."

Usiku ule Nesta alipoumwa, Aliko alikuwa Nakonde, ng'ambo, akipakia lori, simu imeisha chaji. Mji mzima ulijua. Yeye mwenyewe alijua kuliko mji. Lakini hakuna aliyewahi kumtamkia mbele ya mtoto, na Dina alikuwa amesimama pale, mkono ameunyoosha juu ya meza, akisubiri kuvishwa.

Bibi Gwantwa akamwita mwanawe kwa jina, mara moja, kwa ukali. Alikuwa amechelewa. Damu ilikuwa imeshampanda Aliko mpaka kwenye kope.

Manase, ambaye biashara yake haikupenda ngumi, akaharakisha. Akapasha msumari kwenye jiko la muuza mahindi wa jirani, akatoboa tundu jingine kwenye mkanda, kwa sababu mkono wa Dina ulikuwa mwembamba kama mwiko. Akamvisha. Akauliza kama airekebishe mishale.

"Acha," Aliko alisema. Akachomoa simu mfukoni, akaisogeza kwenye mkono wa mtoto, akageuka kumtazama Enoka, si saa. "Mimi sijui kusoma saa, siyo? Hii hapa simu, hii hapa saa. Zimelingana mpaka dakika. Njoo usome wewe uliyesoma."

Enoka akatazama. Akatazama na mkono wake mwenyewe. Mdomo ukafunguka, halafu ukafumbwa, na pembeni yake kikabaki kitabasamu. Aliko akakihesabu kuwa ni cha mtu aliyeshindwa. Akalipa, akachuchumaa mbele ya bintiye, akamwambia kwa sauti ambayo wote waisikie: kuanzia kesho uiamini saa hii, usimwamini mtu. Mshale mfupi ukikaribia saba, yaani saa moja, toka, funga mlango.

Dina akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameinamia mkono wake kana kwamba ndege ametua pale.

Palepale simu ikaita, lori limefika yadi. Aliko akamkimbiza mtoto nyumbani, akaenda kupakia. Aliporudi Dina alikuwa amelala na saa mkononi. Alipotoka tena, kabla ya mapambazuko, bado alikuwa amelala nayo.

Asubuhi, ukungu ulipoanza kupanda, Aliko alikuwa na gunia begani aliposikia anaitwa kwa jina la mwanawe. "Baba Dina. Baba Dina." Alikuwa Jenista, muuza viazi vitamu wa kwenye foleni ya malori, kanga imemtoka begani. Akasema mtoto yuko kwake, ni mzima, lakini aje.

Akamkuta ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, soksi moja ina damu, begi la shule limejaa tope. Dina akaeleza bila kulia. Alitoka mshale ulipokaribia saba, kama alivyoambiwa. Njiani hakuona mwanafunzi hata mmoja, akafurahi, akajua leo amewahi kuliko wote. Geti akalikuta limefungwa. Mlinzi akamwambia wenzake wako darasani zamani, arudi alikotoka. Akaogopa kurudi, kwa sababu bibi angejua. Akaamua amtafute baba. Akapita katikati ya malori, na moja likarudi nyuma. Akarukia mtaroni. Jenista ndiye aliyemvuta.

"Lakini saa haijaharibika, baba," alisema, akanyoosha mkono.

Haikuwa imeharibika. Haikuwa na mkwaruzo. Aliko aliitazama, akatazama simu yake, ambayo huku yadi ilikuwa imerudi kwenye mtandao wa nyumbani. Saa nzima. Saa ya mtoto ilikuwa nyuma kwa saa nzima.

Hilo ni jambo ambalo mtoto wa Tunduma hulijua kabla ya kujua kuhesabu. Ng'ambo wako nyuma yetu kwa saa moja, na ukisogea mpakani simu hunasa minara ya kule na kubadili saa yenyewe bila kukuaga. Wateja wengi wa Manase walitoka kule, naye alizitega saa zake kwa saa ya kule. Aliko alikuwa amepima uongo kwa uongo, vikalingana, akatamba navyo. Angekuwa peke yake asingekosea. Alikosea kwa sababu macho yake yalikuwa kwa Enoka.

Na Enoka? Kile kitabasamu kikamrudia, na safari hii alikisoma vizuri.

Aliwakuta mlangoni kwake. Jirani alikuwa ameshapeleka habari. Bibi Gwantwa alikaa kwenye kigoda nje, kikapu kimefungwa kwa kitenge tayari kwa safari, na Enoka alisimama nyuma yake na funguo za pikipiki mkononi. Aliko alimtua Dina chini. Bibi akamvuta mjukuu, akalitazama goti lililochubuka, akalipangusa kwa ncha ya kitenge, akasema bila kuinua kichwa:

"Mwambie mkwe wangu alete nguo za mtoto."

"Mama anasema umeshindwa," Enoka alisema.

Aliko hakumwendea kwa ngumi, ingawa mikono yake ilishaamua. Aliupita mkono wa Enoka uliotaka kumzuia, akasimama mbele ya mama mkwe wake, akapiga magoti kwenye vumbi, na kwa mara ya kwanza tangu aoe katika ukoo ule akamsemesha ana kwa ana, bila mtu wa kati.

"Mama, kosa ni langu. Nilikuwa na hasira nikapima saa kwa simu iliyonasa mtandao wa ng'ambo. Sina utetezi. Lakini muulize mwanao alichokiona jana kwenye mkono wake mwenyewe."

Bibi Gwantwa akageuka taratibu. "Enoka. Ulijua?"

Enoka akazungusha funguo kidoleni. Akaanza kusema kwamba si kazi yake, kwamba mtu mwenyewe aliringa, kwamba alidhani atagundua akifika nyumbani. Maneno yakazidi kupungua nguvu. Mwishowe akasema alichotaka: Aliko aaibike mbele ya mama. Basi. Hakufikiria malori.

"Ulimwacha mtoto wa dada yako aende barabarani na saa ya uongo," mama yake alisema, "ili umcheke baba yake."

Enoka akasema dada yake alikufa kwa sababu ya mtu huyu. Sauti ilimpasuka katikati. Bibi Gwantwa akajibu kwamba Nesta alikuwa binti yake kabla hajawa dada wa mtu, na kwamba kama kuna mwenye haki ya kumchukia mkwe wake ni yeye aliyemnyonyesha marehemu, na amechoka. Kisha akasema atakaa Tunduma mpaka Jumapili. Mtoto atabaki kwa baba yake kwa sharti moja: asiende shule peke yake. Baba yuko yadi alfajiri, na bila yadi hakuna uji. Mjomba ana pikipiki, na ofisi yake inafunguliwa shule zimeshaanza. Mwenye kumpeleka mtoto anajulikana. Akikataa, Dina anapanda basi la Ileje leo, na wote wawili watakuwa wamempoteza, wabaki wakigombania kaburi.

Dina alikuwa kwenye mapaja ya bibi, akiwatazama wanaume wawili kama atazamavyo mtu malori yasiyojulikana lipi litaondoka kwanza.

Aliko alikuwa bado kwenye vumbi. Kumwomba Enoka lilikuwa jambo ambalo, jana, angetafuna mchanga kabla ya kulifanya.

"Shemeji," alisema. "Nakuomba."

Enoka alimtazama kwa chuki ileile. Akauchukua mkono wa Dina, akavuta kitufe cha ile saa nyeusi, akauzungusha mshale mpaka ukalingana na wa kwake, akakirudisha kitufe kwa kidole gumba. Kisha akamgeukia Aliko.

"Nitagonga mlango huu kila asubuhi, siku zote za shule, mvua inyeshe isinyeshe, na mtoto nitamfikisha getini kabla ya kengele," alisema. "Lakini wewe sitakusalimu."