Dada Waliyemrudisha

Tamthilia ya runinga aliyoiandika Nighat ilipokaribia mwisho, Karachi nzima ilikuwa ikimzungumzia mhusika wake, mdogo mtu. Hata muuza mboga wa mtaani kwao, akimpimia bamia, alimwambia, "Bibie, yule msichana alivyowatimua wale wakwe! Mke wangu alilia mpaka chapati zikaungua."

Nighat alishukuru, akaondoka mbiombio, na bamia akaziacha pale pale kwenye mizani.

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya ndugu wawili. Dada mkubwa anapigwa na mumewe, anakimbilia kwao na mkono umevunjika, siku tatu kabla ya mdogo wake kuvishwa pete ya uchumba. Wakwe watarajiwa wanapofika, mdogo mtu anasimama katikati ya sebule na kuwaambia kwamba nyumba isiyo na nafasi ya dada yake haina bibi harusi. Wanawake walikuwa wakirushiana kipande hicho kwenye simu, tangu Lahore hadi Quetta.

Watu hawakujua kwamba dada yule yupo. Ni Qudsia, aliyezaliwa miaka sita kabla ya Nighat. Mkono ulivunjika kweli, na wageni wa pete walikuja kweli. Ila Nighat, wakati huo binti wa miaka ishirini na mmoja, hakusimama mbele ya mtu yeyote. Alimvuta mama yao jikoni, akamnong'oneza: "Wakimkuta hapa na bandeji wataanza kuulizauliza. Mrudishe, mama. Shughuli ikiisha tutaona la kufanya." Wakamrudisha. Shughuli ikaisha, na hakuna aliyeona la kufanya. Qudsia aliishi na mwanamume yule miaka ishirini na miwili mingine, mpaka kifo kilipomchukua mumewe.

Kwa hiyo simu ilipolia Jumatano na Nighat akaona jina la dada yake, aliiacha ilie mara nne kabla ya kupokea.

"Nighat, njoo Ijumaa," Qudsia alisema. "Watarudia sehemu ya mwisho mchana. Wanawake wa uchochoro wote watakuja kwangu. Wanataka kukuona."

"Kumbe Apa unaiangalia?" Apa ndivyo alivyozoea kumwita, kama wengi wanavyowaita dada zao wakubwa.

"Tangu ya kwanza. Kwa nini, hukutaka niangalie?"

Nighat alisema atakuja. Ijumaa asubuhi alipanda basi la Hyderabad, alikoishi dada yake, boksi la vitamutamu limelala mapajani kama mtoto wa kuazima.

Nyumba ya Qudsia ilikuwa vyumba viwili na ua. Wanawake saba walikuwa wamekaa sakafuni, kila mmoja na rundo la bangili za kioo mbele yake, wakizipitisha moja moja kwenye ulimi mdogo wa moto ili kuziunga ncha. Ndiyo kazi ya uchochoro ule. Hata runinga ikiwaka, mikono haisimami. Qudsia alimkumbatia mdogo wake, akamkalisha kwenye kitanda cha kamba, mahali pa heshima. Kifundo chake cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepinda kidogo, kama siku zote. Nighat aliangalia pembeni, kama siku zote.

Sehemu ya mwisho ikaanza. Walilia, wakacheka, wakamlaani mkwe mpaka alipougua, na alipougua wakamlaani zaidi. Ilipokwisha, Bi Hajra, mjane mnene aliyekuwa na ulimi kuliko wote, alijipangusa macho kwa ncha ya mtandio.

"Binti yangu, Mungu akuweke. Tulimuuliza Qudsia, huyu mdogo wako huo moyo kautoa wapi? Akatuambia, hakuutoa popote, ndivyo alivyo. Akasema, yule msichana wa kwenye runinga ni yeye mwenyewe."

Nighat aligeuka kumtazama dada yake. Qudsia alikuwa ameinama, akipuliza bangili iliyokwisha kuungwa.

Laiti angelaumiwa. Angetukanwa mbele ya watu, angejua pa kushika. Lakini kusitiriwa na yule yule uliyemtupa!

Mwanamke mmoja kijana, Sumaira, aliyekuwa karibu na mlango, akasema taratibu: "Bahati yako, Apa Qudsia. Mimi nilikwenda kwa mdogo wangu mwezi uliopita. Nilimwambia, angalia tamthilia hii uone ndugu walivyo. Akaniambia, hayo ni ya kwenye runinga, kesho urudi kwa mumeo."

"Mdogo wako hana haya!" Bi Hajra alifoka. "Mtazame huyu hapa, ujue mtu mwenye damu anavyokuwa."

Saba wote wakamtazama.

"Si mimi," Nighat alisema. Sauti ilitoka nyembamba, ikabidi arudie. "Si mimi yule. Dada yangu alikuja na mkono umevunjika, nikamwambia mama amrudishe. Niliogopa uchumba utavunjika. Sikuwaambia wageni neno lolote. Niliwapelekea chai."

Hakuna aliyeunga bangili. Moto ulikuwa ukivuma peke yake.

Sumaira ndiye aliyeuliza, bila ukali, kama mtu anayetaka kujua tu. "Na usiku ule ulipata usingizi?"

Nighat alitamani kusema hapana. Katika tamthilia angeandika hapana.

"Nilipata," alisema. "Nililala vizuri."

Bi Hajra akakohoa. "Haya, sala ya alasiri hiyo," alisema, ingawa alasiri ilikuwa bado, akaanza kukusanya bangili zake. Wakaondoka mmoja mmoja. Boksi la vitamutamu halikuguswa.

Nighat alidhani sasa dada yake atamkumbatia, walie, yaishe. Qudsia alizima moto, akasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Nani kakutuma?"

"Apa, nisingeweza kukaa wanisifu..."

"Wewe usingeweza! Wewe! Na mimi je? Miaka yote hiyo uchochoro huu unajua nina kwetu. Mume wangu alipokuwa akinipiga, nilikuwa nikimtishia, nitakwenda kwa mdogo wangu. Ulikuwa uongo, lakini ulikuwa wangu. Sasa wanajua kwamba sikuwa na pa kwenda." Alishusha pumzi. "Kwanza ulichukua kisa changu ukakipamba. Leo umekichukua tena ukakimwaga sakafuni ili roho yako itulie. Mara zote mbili hukuniuliza."

"Nisamehe."

"Hata hilo unalitaka upesi upesi, uwahi basi."

Nighat alijikunyata pale kitandani. Aibu ya kwanza alikuwa ameizoea, ameibeba kama uzito wa mwili wake mwenyewe. Hii mpya ilimkuta hana hata sentensi ya kujifichia. Alipoinuka kuaga, Qudsia alimpa boksi lake. "Wape watoto wako," alisema, akaingia ndani.

Aliporudi Karachi, kampuni ya tamthilia ilimpigia mara tatu: watu wanataka mwendelezo, mdogo mtu aolewe, afungue shule. Nighat alikataa. Walipomuuliza sababu alisema amechoka, kwa kuwa alikuwa amekwisha kujifunza kwamba si kila ukweli ni wake kuutoa.

Kila Ijumaa alimpigia dada yake. Ijumaa ya kwanza haikupokelewa. Ya pili, Qudsia alisema Sumaira sasa anakuja kuungia bangili kwake kila siku, na Bi Hajra amenuna lakini yatamwisha. Kisha akakata. Ya tatu walizungumza bei ya vitunguu. Ya tano, Nighat aliuliza jambo ambalo alipaswa kuuliza miaka ishirini na sita nyuma.

"Apa, siku ile tuliyokurudisha, ulifikaje?"

Zilisikika bangili zikiwekwa chini.

"Mama alinifungia chapati kwenye kitambaa," Qudsia alisema hatimaye. "Nikazila zote ndani ya basi, kwa mkono mmoja. Nilikuwa na njaa, Nighat. Niliona aibu sana kwamba naweza kuwa na njaa siku kama ile."

"Halafu?"

"Halafu basi likasimama njiani, akapanda mwanamke mmoja na mbuzi..."

Nighat alikaa chini pale pale ukumbini, mgongo ukutani, akamsikiliza.