Gaolathe na Toleo la Kwanza

Tangu mkewe afariki, Gaolathe alibaki na kazi mbili: kuendesha pampu ya kisima cha ng'ombe, na kuwalaumu wakubwa. Mwenyewe alijua ni ipi aliyoimudu.

Pampu aliiendesha akiwa kitandani. Kompyuta ya marehemu mkewe iliingia kwa mbali kwenye kisanduku cha kuongozea pampu kilichokuwa kule malishoni, pampu ikanguruma, ng'ombe wakanywa. Sasa chama cha kisima kilikuwa kinabadilisha programu ya kuingilia, na siku hiyo pale kgotla, uwanja wa baraza la kijiji, walikusanyika kuamua: programu mpya ikubali matoleo yote mawili ya itifaki, ile lugha ya mashine kuzungumza, au la pili peke yake? Kisanduku kile kikuukuu kilijua la kwanza tu. Likiondolewa, Gaolathe anarudi kwenye baiskeli, na kiti cha baiskeli ile kilikuwa na ugomvi wa siku nyingi na makalio yake.

Kwenye kgotla mtu hakatizwi. Gaolathe aliitumia haki hiyo hadi kivuli kikahama. Wakubwa wanapenda vipya. Wakubwa hawanywi maji ya kisima. Wakubwa, wakubwa. "Nani kashaingia kwa toleo la kwanza? Nionyesheni huyo mwizi!"

"Umemaliza, Rra?" akauliza Onalenna, fundi wa chama, kwa heshima ya kumwita mzee.

"Kwa sasa."

"Basi hebu iwashe pampu, Rra."

Akaiwasha kwa kompyuta aliyokuja nayo, kifua mbele. Onalenna akabonyeza kompyuta yake mara chache. Kwenye skrini ya Gaolathe, pampu ikazimika. Gaolathe akaiwasha tena, ikazimika tena.

"Umeniibia neno la siri, we binti!"

"Silijui, Rra. Nimechomeka tu maneno yangu katikati ya mazungumzo yako na kisanduku. Toleo la kwanza haling'amui nani kasema nini."

Mwenyekiti Kebonang akacheka hadi kofia ikamdondoka. "Kumbe! Hapa tunakaa kimya tangu asubuhi, kule anakatizwa na kila mpita njia!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"La pili peke yake," Kebonang akatoa uamuzi. "Anayelitaka la kwanza alifungue kwa mkono wake, na mwizi akizima pampu ng'ombe wetu wakafa kiu, atatujibu yeye."

Wote wakamgeukia. Gaolathe akatafuta mkubwa wa kumlaumu. Kila aliyemtazama alikuwa jirani yake.

"La pili," akasema, kwa sauti ya mtu aliyemeza mfupa.

"Pula!" wakaitikia, wakiombea mvua kama ilivyo desturi ya kufunga baraza.

Kesho yake alifika kisimani akichechemea, akasimama mbele ya ng'ombe na kuanza: wakubwa hawa... Ng'ombe walimsikiliza vizuri tu, lakini walikuwa na kiu. Akaiwasha pampu kwa mkono. Ikanguruma, ikamfunika sauti. Tangu mkewe afariki, hakuna aliyewahi kumkatiza hivyo.

Akanyamaza, akaingoja birika ya kunyweshea ijae.