Limau na Magadi

Jumanne, tarehe 8 Machi 2005. Asubuhi hiyo ukungu ulishuka mpaka kwenye migomba, na manyunyu yakawafuata Bertha na mdogo wake Nikodemo njia nzima hadi hospitali.

Virusi vya UKIMWI vilikuwa vimemkondesha Nikodemo hata mkanda wake ukatobolewa tundu jipya. Leo angeanzishiwa dawa, ila kwa sharti: ndugu anayeishi naye aahidi mbele ya watu kwamba atamsimamia azinywe kila siku. Bila ahadi, hakuna dawa. Ndugu mwenyewe alikuwa Bertha.

Bertha aliomba kimoyomoyo pale kwenye benchi, lakini kichwa hakikutulia. Mwuza lishe mmoja wa sokoni Lushoto alimwambia kuwa virusi hustawi kwenye damu yenye asidi, na kwamba kuna vyakula vya kuiondoa asidi hiyo, kama limau na mboga za magadi. Alikataza nyama, mayai na chai. Alikataza hata dawa za hospitali, eti zinairudisha. Basi mwezi mzima Bertha alipika mboga kwa magadi na kumkamulia mdogo wake malimau.

"Sista," alimwuliza nesi Glory, "limau lina ukali. Linaondoaje asidi ya damu?"

"Mama, damu haigeuzwi na limau wala magadi. Mwili wenyewe unailinda. Virusi vinazuiwa na dawa. Chakula mpikie chochote, na mayai pia."

"Mbona yule alisema..."

"Umesikia, dada? Mayai," Nikodemo alidakia. "Mbuzi wetu anakula vizuri kuliko mimi."

Mzee Hezekia, aliyekuwa akisubiri zamu yake pembeni, alicheka hadi akakohoa.

Bertha hakucheka. Kwake ahadi ilikuwa sawa na sala, na aliogopa kuahidi jambo asilolielewa. Nesi alizungumza kwa uhakika. Na yule wa sokoni naye alizungumza kwa uhakika vilevile. Amwamini nani? Hapo akamwona Nikodemo ameinama kufunga kamba ya kiatu. Alifika katikati, akapumzika, kamba ingali mkononi.

Bertha akasimama.

"Sista, na wewe mzee Hezekia, nisikilizeni. Habari ya asidi bado imenichanganya, na limau sijalielewa. Ila nimemlisha hayo yote, naye amezidi kukonda. Mbele yenu na mbele za Mungu, mdogo wangu nitampa dawa asubuhi na jioni, wala sitamwacha alale kabla hajameza."