Mkaaji Namba Kumi na Saba

Ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo Mama Nkandu kumwaga munkoyo. Alibeba ndoo mpaka kwenye mfereji wa avenyu, akachota kikombe, akaonja mara moja zaidi, kama mtu anayempa mgonjwa nafasi ya mwisho, kisha akatema. Uji wa mahindi ulikuwa umelala usiku kucha pamoja na mizizi yake. Asubuhi ulipaswa kuwa mwepesi, wenye uchachu kidogo, kinywaji ambacho mafundi wa gereji walikuwa wakikipigania kabla ya saa nne. Lakini ulibaki mzito kama ulivyolala, na juu yake utando wa kijani, rangi ya shaba iliyonyeshewa.

"Imekataa tena," alisema, akainamisha ndoo.

Estelle alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni pa jiko, fishi, karatasi yake ya maswali, juu ya goti, kalamu mkononi. Fishi kumi na sita zilikuwa tayari ndani ya begi lake, na zote kumi na sita zilisema jambo moja. Unaonaje maisha ya mtaa wako? Yote iko muzuri. Kuna shida ya maji? Hakuna. Ajabu kabisa, maana watu wa mtaa wa Kampemba wanaongea, jamani! Pita na viatu vipya saa moja asubuhi, ifikapo saa sita sokoni wanajua nani alikununulia na mke wake anasemaje. Ila uwatolee karatasi tu, midomo inafungwa kama maduka siku ya vurugu.

Na Estelle alihitaji midomo. Miaka minne alikuwa amekaa nyumbani na diploma yake ya sosholojia, mpaka Monsieur Lucien alipomchukua kwenye ofisi yake ndogo mjini, ofisi ya kukusanya maoni ya wakaaji. Asubuhi hiyo Lucien alikuwa amepekua zile fishi kumi na sita kwa kidole kimoja.

"Yote iko muzuri, yote iko muzuri. Estelle, hii ni maoni ao ni wimbo ya kanisa? Niletee sauti iko na damu. Kama haiko, kuna batoto wengi mu muji iko na diploma."

Ndiyo maana alikuwa pale, kwa jirani aliyemjua tangu utotoni.

"Sema tu, mama. Jina yako haitaandikwa. Ni namba tu. Weye utakuwa namba kumi na saba."

Mama Nkandu alicheka mpaka kilemba kikalegea. "Namba! Nimezeeka hapa, nimezalia hapa, leo njo ninakuwa namba. Kama mufungwa."

"Njo muzuri vile. Hakuna muntu atajua."

"Mi sina siri, mutoto yangu. Andika: mayi iko na ladha ya misumari. Hii kisima, marehemu bwana yangu Mwila aliichimba na mikono yake, na ilikuwa mayi tamu, hata ba mama ya Bakasai kama mama yako, benye banachaguaka sana, banakuja kuteka hapa. Uliza mama yako!" Akanyoosha kidevu upande wa mwisho wa avenyu, kwenye ukuta mrefu wa bloko, ambako mashine za kuoshea mawe ya shaba zilinguruma kutwa. "Tangu banaanza kuosha mawe kule, munkoyo inakataa."

"Ukuta ni ya nani?"

"Ya mukubwa moja. Wakubwa banakosaka majina."

"Na mayi inaumiza bantu?"

"Ku tumbo, kidogo. Mi siko munganga. Andika misumari."

Estelle aliandika misumari. Lakini alipofika kona, chini ya kivuli cha duka la vocha, alisoma tena, na neno lile likamwonekea dogo. Misumari. Nani atashtushwa na misumari? Alimwona Lucien akilipitisha kidole chake. Basi akakata mstari, na juu yake, kwa ule mwandiko wake mzuri uliosifiwa tangu shule ya masista, akaandika: *Maji ya hapa inaua bantu.* Wala si uongo mkubwa, alijiambia. Avenyu nzima ilisema hivyo, pale ambapo hakukuwa na karatasi.

*

Siku ya mwisho, wote waliojibu waliitwa kwenye uwanja wa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, wapewe chupa ya sukre, soda ya baridi, na mkate. Ofisi za namna hiyo hazitoi hata maji ya kunawa bila lisiti, orodha ya majina yenye saini, na Estelle, ili asichanganyikiwe, aliipanga lisiti kwa mfuatano ule ule wa fishi. Wengi walimwomba awaandikie majina yao, maana miwani ilikuwa nyumbani. Wengine walisema miwani ilikuwa nyumbani ingawa hawakuwa na miwani. Aliandika kwa furaha. Moja, mbili, tatu. Kumi na saba: Nkandu, mjane, nyumba ya kisima.

Mama Nkandu hakusimama na kinywaji chake hata dakika moja. Alizunguka na kiloba, akikamata chupa za plastiki kabla hazijaisha.

"Kunywa mbio, papa. Chupa hiyo ni mali ya kampani yangu."

"Kampani gani, Mama Nkandu?"

"Kampani ya munkoyo. Mi ni mukubwa pia, nimekosa tu ukuta!"

Uwanja mzima ukacheka. Chupa hizo ndizo alizokuwa akiziosha kila mara, akizipanga juu chini zikauke, kisha akizijaza munkoyo ya kuuza.

Watu walipotawanyika, shefu Ruphin alimwita Estelle ndani. Ni mtu laini, Ruphin. Hapigi kelele kamwe. Muhuri ulikuwa mezani mbele yake, na alikuwa akiufutafuta kwa kitambaa.

"Ma fille, ordre de mission yako, hii karatasi ya kazi, inakosa cachet ya mwisho."

"Ndiyo, chef."

"Bila cachet, Monsieur Lucien atasema nini? Atasema haukufika hapa. Utaanza upya. Ao ataanzisha muntu mwengine." Akapulizia muhuri kama anayepoza chai. "Niachie tu photo ya lisiti. Ya archives."

"Chef, lisiti ni ya kazi…"

"Lisiti ya sukre, ma fille! Ni nani anakunywa sukre kwa siri? Fishi zako mi sizigusi. Siri ni siri."

Estelle alitazama karatasi. Safu ya kwanza ilikuwa ya namba. Aliziona. Baadaye, akijitetea peke yake kitandani, angesema hakuziona, lakini aliziona vizuri kabisa. Aliweka lisiti mezani. Upepo uliingia dirishani ukainua pembe ya karatasi, na Estelle akaishika kwa mikono miwili, akainyoosha, ili shefu apige picha bila kutikisika.

Muhuri ukalia: pa!

*

Wiki mbili baadaye ripoti ilisomwa mbele ya watu katika ukumbi wa parokia. Mbele walikaa wakubwa, na kati yao bwana mmoja kutoka nyuma ya ukuta, shati limepigwa pasi mpaka linaweza kukata mkate. Monsieur Lucien alikuwa na projekta. Alipofika kwenye maji alinyamaza kidogo, kama kasisi kabla ya injili, kisha maneno yakatokea ukutani, makubwa.

"Mukaaji namba kumi na saba," akasoma. "'Maji ya hapa inaua bantu.'"

Ukumbi ukavuma. Mtu nyuma akapiga mluzi. Estelle aliomba Mama Nkandu awe ameisahau namba yake. Hakuisahau. Kwenye mstari wa nne kilemba chake kiligeuka, macho yakamtafuta Estelle, yakampata, na midomo ikauliza bila sauti: *Ni mi?*

Estelle akainamia begi, akaanza kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake.

Alipoinua kichwa, shefu Ruphin alikuwa ametoa simu. Kidole gumba kilipandisha picha ya lisiti juu, polepole, kikasimama.

*

Alhamisi, watu wa usafi walikuja. Estelle alisikia kelele akiwa anaanika nguo, akaenda na kanga yenye maji. Uwanja wa Mama Nkandu ulikuwa umejaa. Lori la mchanga lilikuwa limesimama getini, na kila mtu kwenye avenyu alilijua lori lile: kila siku liliingia na kutoka nyuma ya ukuta.

Afisa mwenye kofia alishika karatasi. Shefu Ruphin alisimama kando yake, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja msibani.

"Mama, njo weye namba kumi na saba?"

"Njo mi."

"Weye ulisema mayi inaua bantu?"

"Mi nilisema misumari."

"Hapa iko 'inaua'. Imesomwa mbele ya bantu wote. Sasa, mayi inaua, na weye unaitia mu chupa, unaiuzisha ku batoto ya bantu. Ile mu sheria inaitwaka namna gani?"

"Lakini papa, ladha…"

"Tunakusaidia, mama. Tungeweza kukupeleka ku polisi. Tunafunga tu kisima."

Mama Brigitte, anayeuza samaki mkavu ng'ambo ya avenyu na asiyeogopa mtu, alipaza sauti. "Chef, na ule ukuta? Mbona mayi inatokea kule!"

Shefu Ruphin alimgeukia kwa upole wake. "Mama Brigitte, leo tunaongea kisima. Ukuta haikujaza fishi."

Watu wawili watatu walicheka kabla hawajajizuia. Ndipo Mama Nkandu alipomwona Estelle, na uso wake ukafunguka wote.

"Voilà! Mutoto mwenyewe huyu. Yee njo aliandika. Estelle, baambie. Baambie nilisema nini."

Uwanja uligeuka. Estelle alihisi maji ya kanga yakimchuruzika miguuni. Afisa alingoja. Shefu Ruphin hakumtishia, hakukunja hata uso. Alimtazama tu, kwa adabu, kama mtu anayefutafuta muhuri. Jumatatu Lucien alikuwa amemwambia kwamba ripoti imependwa, kwamba kutakuwa na kazi ya pili, na kwamba sentensi ile moja ndiyo iliyoiuza. Sentensi ile moja. Ilitosha kusema: ni mimi. Maneno mawili.

"Mama," alisema, "mi niliandika… vile ulisema."

Mama Nkandu alimtazama kwa muda, si kwa hasira, bali kama mtu anayetafuta nyumbani mwake kitu ambacho ana hakika alikiweka mahali fulani. Kisha mabega yakashuka.

"Basi nilisema," alinong'ona. Akajipiga midomo kwa vidole viwili. "Hii kinywa yangu. Mwila alinikatazaka."

Mchanga ulishuka kisimani kwa kishindo kirefu, halafu kifupi, halafu ukawa kimya. Wakamimina zege juu yake.

*

Miezi mitatu ikapita. Ukuta uliongezwa bloko mbili juu. Mama Nkandu aliuza makaa kwa mafungu madogo, na maji aliyachota avenyu ya tatu, kwa watu wasiompenda sana. Munkoyo ya mafundi wa gereji ilitoka mtaa mwingine.

Kazi ya pili ilipoanza, Estelle aliruka nyumba ile siku nne. Siku ya tano ilibaki yenyewe tu kwenye orodha. Mama Nkandu alimpa kiti kile kile cha plastiki na kumuulizia mama yake.

"Je, hali ya maji imebadilika?" Estelle alisoma, bila kuinua macho.

"Andika: yote iko muzuri."

"Mama, sema kweli. Mara hii nitaandika neno kwa neno. Ninaapa."

"Njo kweli, mutoto. Kisima hakuna, mayi mubaya hakuna. Mbele kulikuwa, sasa hakuna. Yote iko muzuri. Andika."

"Mama, ile siku… ile neno…"

"Andika, Estelle. Makaa inaningoja."

Estelle akaandika. Yote iko muzuri. Hakuongeza herufi, wala hakukata.

Jumamosi, kwa shefu, sukre zilikuwa baridi kuliko mara ya kwanza. Zamu ya Mama Nkandu ilipofika, Estelle alinyoosha mkono ili amwandikie jina, lakini mama alivuta lisiti upande wake, akachukua kalamu na kuandika mwenyewe, herufi moja moja, akibonyeza mpaka karatasi ikatoboka. Kisha akafungua kiloba na kuanza kuzunguka.

"Kunywa mbio, papa. Leta chupa."

Watu walimpa. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeuliza habari za kampani. Walikunywa haraka, macho chini, wakamnyooshea chupa tupu. Hata Mama Brigitte alimnyooshea yake na kuondoka. Estelle alikunja lisiti na kuiingiza kwenye begi. Muhuri ulikuwa umeshapigwa, safari hii bila kuombwa chochote.

Alipopita nyumba ya kisima, akirudi kwao, Mama Nkandu alikuwa amepiga magoti kwenye zege. Alizitoa chupa kwenye kiloba, moja baada ya nyingine, akazipanga juu chini kwa mistari iliyonyooka, zikauke. Tone la sukre lilitoka mdomoni mwa kila chupa na kutandaa juu ya zege. Hakuna hata moja iliyokuwa imeoshwa.