Majina Matatu kwenye Mashine ya Mikelenge

Mashine ya kukoboa mpunga ya Mikelenge, mtaa mmoja wa mji wa Kindu, ilikuwa na sauti yake. Ukiwa mbali ulidhani ni mvua inayokuja juu ya mabati. Ukikaribia ulisikia mkanda ukipiga tap, tap, pale uliposhonwa kwa kipande cha ngozi. Mpaka leo nikisimama karibu na mashine yoyote ya mpunga, hujikuta nasubiri ule mshono upite.

Ulikuwa mwaka wa sabini na sita, nasi tulikuwa darasa la mwisho la biashara. Mwalimu wetu, Osako, alikuwa amechoka na mazoezi ya vitabuni, ambamo duka lisilokuwepo liliwauzia watu wasiokuwepo. Alizunguka Kindu kwa baiskeli, akiomba vyama na maduka yampe maswali ya kweli ili wanafunzi wake wayatafutie majibu. Wengi walimcheka. Direkta wa ushirika wa wakulima wa mpunga hakucheka, kwa sababu swali alikuwa nalo.

Alitaka kuihamishia mashine Kailo. Kwa maoni yake, wanawake waliokoboa Mikelenge walikuwa wapita njia: wanakuja mara moja, hawarudi. Kailo ndiko kwenye mashamba.

"Wanafunzi wako wakinionyesha kama wanarudi, mashine itabaki," alimwambia mwalimu. "Kama hapana, inaondoka."

Aliyeiendesha ile mashine alikuwa Mama Sharifa, mjane mrefu mwenye vumbi la pumba kwenye nyusi. Kazi hiyo ilimlisha yeye pamoja na mama yake mzazi, ambaye alikuwa haoni tena na asingekubali kuhama nyumba anayoijua kwa mikono. Mashine ikienda Kailo, Mama Sharifa angebaki na ufunguo wa mlango tu. Alitusikiliza tulipojieleza, kisha akasema, "Basi muhesabu muzuri, watoto yangu."

Tulikuwa watatu. Wa kwanza ni Musafiri, mkuu wa vijana wa chama tawala pale shuleni, ambaye beji haikutoka kifuani mwake. Wa pili ni Jamila, mzaliwa wa Mikelenge. Mama Sharifa alikuwa mama yake mdogo. Wa tatu ni mimi, mtoto wa katekista. Tulikata vikadi kutoka mifuko ya saruji. Kila jina lilipata kikadi chake, na kila siku mwenye jina alipokuja tuliweka nukta moja. Tulikaa mlangoni kwa zamu, kila siku mmoja wetu.

"Ee, polisi ya muchele imefika!" wanawake walisema siku ya kwanza.

"Jina yako nani, mama?"

"Weye si mutoto wa katekista? Andika Hélène."

Nami nikaandika Hélène.

Mwezi ulipoisha tulivimwaga vikadi juu ya meza ya darasa. Karibu vyote vilikuwa na nukta moja tu. Rundo la nukta moja lilipanda mpaka likaanza kuteleza. La nukta mbili ungelifunika kwa kiganja.

"Direkta iko na haki," alisema Musafiri. "Wapita njia."

"Hapana," alisema Jamila. "Miye ninawajua. Wanarudiaga."

"Unawajua? Angalia vikadi vyako! Mama Désiré, Mama Hamadi, Mama huyu, Mama yule. Hayo njo majina? Unafunika mama yako mudogo tu."

Jamila alifunga upya kitenge chake, akatoka. Mimi sikuona kosa kwenye vikadi vyake wala kwenye vyetu, na rundo lilikuwa pale pale. Mwalimu Osako aliliangalia kwa muda, akatuambia tuongeze juma moja na, badala ya zamu, tukae wote watatu pamoja.

Ilikuwa katika juma hilo. Tulikuwa tumeketi mlangoni, Jamila mwisho wa benchi akiwa ametugeuzia mgongo, mara sauti ikaita kutoka barabarani, juu ya kelele za mashine:

"Florentin! We Florentin! Kuja unishushie beseni, shingo inavunjika!"

Hakuna aliyeitika. Wakati ule majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa na serikali. Shuleni, kwenye kitambulisho, mbele ya mkubwa yeyote, uliitwa Citoyen, yaani mwananchi, kwa jina la mababu, na lile la kanisani uliliacha nyumbani pamoja na viatu vya Jumapili.

"Florentin! Umekuwa kiziwi?"

Musafiri akasimama polepole. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akafunika beji yake kwa mkono kana kwamba ingesikia, akaenda kumshushia mama yake beseni la mpunga.

Jamila aligeuka. Kwa mara ya kwanza juma lile alikuwa anacheka.

"Citoyen Musafiri, huyu Florentin njo nani? Anakoboaga mara ngapi kwa mwezi?"

Wanawake waliangua kicheko. Musafiri alikasirika, kisha akacheka naye, kisha akaacha kucheka ghafla na kukitazama kisanduku cha vikadi.

"Mama," alisema, "uliwapa wenzangu jina gani?"

"Huyu wa katekista nilimwambia Claire. Jamila ananiitaga Mama Florentin, sasa nimwambie nini ingine? Na kama ungeniuliza weye na hiyo kitu yako ya kifua, ningekupa ya kadi ya chama."

Jumamosi ile, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji, wanawake walijaa kwenye mashine wakiwa bado na majembe. Mama Sharifa aliizima. Mwalimu Osako alipanda juu ya gunia akaanza kusoma vikadi.

"Omba!"

"Niko," akaitika mwanamke mnene aliyefunga kitambaa cha kijani.

"Hélène!"

"Niko," akaitika yule yule.

"Mama Désiré!"

"Mwalimu, umenichosha leo! Njo miye tena!"

Hapo hapakuwa na kusoma zaidi kwa muda. Wengine waliegemea ukuta wakijifuta machozi. Mama Sharifa mwenyewe alikaa chini kwenye pumba, akicheka bila sauti. Kila mwanamke alikuwa amempa kila mmoja wetu jina lililomfaa muulizaji: beji ilipewa jina la chama, mtoto wa katekista jina la parokia, na mtoto wa jirani jina la jirani. Tulikusanya vikadi mikononi mwao, viwili viwili, vitatu vitatu, na rundo la nukta moja likayeyuka.

Jamila ndiye aliyetusimamisha.

"Tukiandika hivi," alisema, "Omba njo Hélène, huyu njo Claire, tutakuwa tumemupa Direkta orodha ya wote wanaobakia na majina ya katazo."

Musafiri alikuwa tayari ameshika kalamu. Aliiweka chini. Direkta alikuwa mtu wa chama, na hakuna aliyejua karatasi ile ingelala mezani kwa nani. Nilimwona Mama Sharifa akitutazama, na najua aliujua uzito wa jambo lile, kwa sababu bila karatasi ile mashine ingeondoka.

"Kila mama achore alama yake," alisema Jamila. "Alama moja, jina hapana."

Wakachora kwa mkaa kwenye karatasi mpya. Mmoja alichora mwezi, mwingine kambale mwenye masharubu. Yule wa kitambaa cha kijani alichora kinu, akakitazama na kusema kinafanana na mume wake. Nukta zote zilihamia kwenye alama. Kisha Musafiri mwenyewe akatupa vikadi vya zamani kwenye moto wa pumba nyuma ya nyumba.

Direkta alisoma ripoti mbele yetu, kidole kikifuata mistari.

"Kinu, Kambale, Mwezi. Hawa wananchi gani?"

"Njo wale wanaorudi, Citoyen Direkta," alisema mwalimu.

Alifunua ukurasa, akarudi nyuma, akatutazama mmoja mmoja. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na mke wangu alichora nini?"

"Hatujui, Citoyen. Tulichoma majina."

Akakohoa. Nadhani lilikuwa cheko. Mashine ikabaki Mikelenge, na Mama Sharifa akaishonea mkanda mara nyingi baada ya hapo.

Musafiri aliondoka Kindu, na Jamila aliolewa Lokandu. Namba nilizozipenda tangu siku ile nimeendelea kujifunza peke yangu, kwa vitabu vya kuazima. Miaka michache iliyopita, kwenye kivuko cha Alunguli, bibi kizee mnene alinishika mkono na kunisalimia kwa furaha. Nilimjua uso, nikatafuta jina. Yalikuwa matatu, na hakuna hata moja lililonijia.

"Shikamoo, Mama Kinu," nikasema.

Aliniangalia, kisha akacheka mpaka mtumbwi ukayumba.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo njo jina sikumupa muntu mwingine."