Kitenge cha Njano Kwenye Kona

Joyness alikuwa na miaka minne mama yake alipofariki, na tangu hapo shangazi yake, Celina, ndiye aliyemlea. Kwa hiyo harusi yake ilipopangwa, hakuna aliyeuliza nani angemvalisha bibi harusi shela. Joyness alitangulia Bukoba, akalala kwa ndugu zao Kahororo. Celina alibaki Kamachumu kumwangalia mama yake mzee aliyekuwa na homa, akapanga kuondoka asubuhi ya siku yenyewe.

Philbert, bodaboda aliyezoea kumbeba, alimfuata mapema. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na ukungu ulikuwa mzito hata nyumba ya jirani haikuonekana. Celina alivaa gauni jipya, akajifunga kiunoni kitenge cha njano cha sare ya ukoo. Alipovaa helmeti, kilemba chake kilibonyea chote.

"Twende taratibu," alisema.

"Na harusi je, mama?"

"Harusi inanitaka nikiwa mzima."

Kwenye teremko la kushukia barabara kuu, mara tu baada ya kona, Philbert alishika breki. Mbele yao lori la ndizi lilikuwa limesimama njiani bila taa. Dereva wake, Mujuni, alitoka uvunguni akiwa na grisi hadi viwikoni. Ekseli imekatika, akawaeleza, na betri imekufa. Fundi alikuwa njiani kutoka Muleba. Nyuma ya lori alikuwa ametupa matawi mawili ya mkaratusi, karibu kabisa na tairi.

"Hujaweka pembetatu za tahadhari?" Philbert aliuliza.

"Zilishavunjika. Sijanunua nyingine."

Celina alimpa pole, wakalipita lori na kuendelea. Hawakufika mbali. Nyuma yao walisikia honi ndefu, kisha tairi zikilia kwenye lami, kisha kelele za watoto. Hiace iliyojaa abiria ikatokeza kwenye ukungu ikiyumba, ikawapita kwa shida, ikaenda zake.

Celina alimgusa Philbert begani. "Geuza."

"Mama, tutachelewa."

"Najua. Geuza."

Njiani wakirudi, alipiga simu kwa Joyness. Ikapokelewa na Renatha, msimamizi wa bibi harusi, aliyekuwa akimtengeneza nywele.

"Mwambie nimekwama barabarani. Mimi ni mzima. Msinisubiri, shela mvalishe wewe."

"Shangazi, atalia."

"Mfute machozi, kisha umvalishe."

Akakata simu haraka kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa karibu kulia.

Matawi yale, alimwambia Mujuni, yalikuwa hayamsaidii mtu. Anayeshuka angeyaona pamoja na lori, na hapo angekuwa ameshagonga. Wakakata mengine, wakayapanga juu kabisa, kabla ya kona. Philbert alibaki upande wa chini na pikipiki yake, taa ikiwaka. Akipiga honi, Celina angejua kuna gari linapanda, naye angezuia yanayoshuka.

Celina akasimama pembeni ya lami, akafungua kitenge kiunoni na kuanza kukipunga. Magari mengi yalipunguza mwendo. Dereva mmoja alishusha kioo akamwambia akatafute lifti sehemu nyingine. Celina alimjibu tu, "Lori limeharibika mbele, baba. Nenda polepole." Yule mtu akaenda polepole.

Matope yalikuwa yameshamfika magotini lilipokuja gari dogo jeupe likiwa na mwendo mkali. Alipunga kwa mikono yote miwili, gari likazidi kumjia. Akamwona dereva akiwa ameinama, simu mkononi. Celina akaruka mtaroni. Tairi zilipopanda juu ya matawi, yule dereva aliinua kichwa na kukanyaga breki. Gari liliteleza likiwa upande, likasimama kwenye kona, lori likiwa mbele yake kwa urefu wa chumba.

Dereva, kijana aliyeitwa Rweyemamu, alishuka. Kwenye kiti cha nyuma mkewe alikuwa amemkumbatia mtoto wao mchanga. Walikuwa wazima wote. Kijana alimsaidia Celina kutoka mtaroni, akaanza kuomba msamaha.

"Ondoa gari kwenye kona kwanza," Celina alimwambia. "Tutaongea baadaye."

Aliliegesha upande wa chini, baada ya lori, kando kabisa, akarudi kwa miguu. Simu alikuwa amemwachia mkewe.

"Umevaa kama mtu wa harusi," alisema.

"Ni ya mtoto wangu. Leo, Bukoba."

Rweyemamu alinyoosha mkono. "Nipe hicho kitenge, mama. Nitakaa hapa mpaka fundi amalize, na mke wangu atapiga honi huko chini."

Celina alimtazama machoni, kisha akampa. Akamwonyesha pa kusimama, na pa kurukia ikibidi. Walipokuwa wakiondoka, Mujuni aliinua mkono wenye grisi. "Kasinge waitu, mama," alimshukuru kwa Kihaya, na Celina akamwitikia.

Walipofika kanisani, misa ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wakipiga picha uwanjani. Celina alisimama nyuma ya magari, akijaribu kupangusa gauni kwa kiganja. Joyness alimwona. Aliinua shela, akawaacha wapiga picha, akaja mbio.

"Shangazi, umeanguka?"

"Sikuanguka. Hakuna aliyeumia."

Akamsimulia kwa kifupi, mambo ya lori, kona na mtoto mchanga. Joyness alisikiliza huku amemshika mikono yenye matope. Kisha akamgeuzia mgongo, akainama kidogo.

"Renatha aliibana vibaya hii shela, inanivuta," alisema. "Ifunge wewe."

Celina alichomoa vibanio kimoja kimoja, akamvalisha upya pale pale uwanjani, watu wote wakingoja.